Milimita 45

Shafti mbili za chuma zimelala sambamba, kila moja ina kipenyo cha milimita 25. Kutoka kitovu cha moja hadi kitovu cha nyingine ni milimita 45. Kila shafti imebeba rola yenye meno, moja juu na nyingine chini, na kazi ya rola hizo ni kuyashika majani na kuyasukuma kwenye kisu. Ni mashine ya kukatia malisho, ya aina inayoungwa katika karakana ndogo za Moshi na kupandishwa kwa pikapu hadi Kibosho, Uru, Marangu au Rombo. Huko juu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ng'ombe hawachungwi. Wanakaa bandani, na majani yao huletwa kichwani, mara nyingi kichwani mwa mwanamke, kutoka tambarare ya chini. Mashine ikisimama, kuna mtu atakayeshika panga na kukatakata mzigo mzima kwa mkono, na ng'ombe hatasubiri.

Tuseme mashine hiyo ilitoka karakanani ikiwa na bushi za shaba, na sasa bushi zimelika hadi shafti zinacheza. Mwenye mashine anataka beringi. Dukani kuna 6205, beringi ya kawaida kabisa kwa shafti ya 25. Fundi anaipima kwa venia: kipenyo cha nje, milimita 52. Beringi mbili za namna hiyo zikikaa ubavu kwa ubavu zinadai milimita 52 kutoka kitovu hadi kitovu, na zilizopo ni 45.

"Fundi, si uigonge tu iingie?"

"Haiingii, mama. Hii si ya kugonga."

Jibu hilo fupi lina elimu ndefu nyuma yake. Watu humsifu fundi anayeunda kitu kikubwa: geti, tela, tanki la maji. Fundi anayechagua kitu kidogo, akakiweka mahali penye nafasi ya kidole, hasifiwi na mtu, kwa sababu kazi yake ikikamilika haionekani. Beringi iliyochaguliwa vizuri inajificha ndani ya chuma na kunyamaza kwa miaka. Insha hii ni ya kumsifu huyo.

Kwanza, namba. Ubavuni mwa kila beringi kuna tarakimu ndogo zilizochorwa, na uchaguzi wote huanzia kwa mtu anayejua kuzisoma. Tarakimu mbili za mwisho zinataja tundu: zidisha kwa tano upate kipenyo cha shafti. 05 ni milimita 25, 06 ni 30, 08 ni 40. Kanuni hiyo inaanzia 04 kwenda juu. Chini yake kuna vighairi vinne ambavyo fundi huvikariri kama sala: 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Ile 6 ya mwanzo inataja kabila la beringi: ya gololi, safu moja, yenye mfereji wa kina. Kilichobaki katikati ndicho kinachotaja nafasi.

Shafti ya milimita 25 ina angalau nguo tano za kuvaa. 6305 ndiyo koti zito: kipenyo cha nje 62, upana 17. Inafuata 6205, 52 kwa 15. Kisha 6005, 47 kwa 12. Kisha 61905, 42 kwa 9. Mwisho kabisa 61805, nyembamba kama pete ya pazia, 37 kwa 7. Hizo mbili za mwisho maduka mengine huziandika 6905 na 6805, na ni zilezile. Tundu halibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni unene wa chuma na ukubwa wa gololi, na pamoja navyo mzigo ambao beringi inaweza kuubeba. Katika katalogi za viwanda vikubwa uwezo wao hushuka takriban hivi: kilonyutoni 23, 15, 12, 7, na mwisho 4 na kitu. Kilonyutoni moja ni sawa na uzito wa kilo mia moja hivi. Anayeokoa nafasi ya milimita 25 kwa kutoka 6305 hadi 61805 amelipa zaidi ya robo tatu ya nguvu.

Na malipo hayo ni makali kuliko yanavyoonekana. Mwaka 1947 Wasweden wawili, Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren, walichapisha hesabu ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kukadiria maisha ya beringi. Kwa beringi za gololi, maisha hufuata mchemraba wa uwiano kati ya uwezo na mzigo. Lugha ya karakanani ni hii: ongeza mzigo mara mbili, maisha yanashuka hadi sehemu moja ya nane. Fundi anayekaza mkanda wa mashine ya kusaga kupita kiasi ili usiteleze hajui kwamba anakula miaka ya beringi za mota kwa kila mzunguko wa spana.

Mlima wenyewe umezoea nafasi finyu. Kihamba cha Mchagga kimejengwa kwa ghorofa: miringaringa na miti mingine mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na maharage chini ya kahawa, na banda la ng'ombe pembeni likirudisha samadi shambani. Kila kitu kimewekwa kwa kujua kivuli chake kitaangukia wapi. Mifongo, ile mifereji ya zamani inayochukua maji ya mito ya mlimani na kuyapitisha kwenye migongo ya vilima, ilichimbwa na watu wasiokuwa na kipimo cha kioo wala darubini. Mwinamo ukizidi maji yanakula kingo, ukipungua yanasimama na kuacha tope. Nao wahunzi wa Kichagga walifua majembe, miundu na mikuki kwa moto wa mkaa na mivukuto ya ngozi. Si sahihi kusema kwamba usahihi uliletwa Kilimanjaro ndani ya maboksi ya spea. Ulikuwapo. Kilichokuja na maboksi ni mikroni, sehemu ya elfu ya milimita.

Neno gololi, watoto wa Moshi hulijua kabla ya kujua beringi. Beringi iliyokufa hupasuliwa nyuma ya karakana, na gololi zake zinazong'aa huwa mali ya kuchezea. Beringi nyingine huachwa nzima na kuwa magurudumu ya kigari cha mbao kinachoteremka kwa kelele ambayo mtaa mzima unaisikia. Mtoto aliyekalia kigari hicho ameshajifunza somo la kwanza: kitu kinachobingirika hushinda kitu kinachoburuzwa.

Somo hilo lilichukua muda mrefu kupata chuma kinachostahili. Mwaka 1869 Jules Suriray, fundi wa baiskeli wa Paris, alipata hataza ya beringi za gololi, na mwaka huohuo Mwingereza James Moore alishinda mbio za Paris hadi Rouen, zaidi ya kilomita 120, kwa baiskeli iliyokuwa nazo. Tatizo lililobaki lilikuwa gololi zenyewe. Katika beringi moja, gololi iliyozidi wenzake kwa unene hubeba mzigo wa wote na kufa kwanza, kisha vipande vyake vinaua waliobaki. Friedrich Fischer wa Schweinfurt, Ujerumani, alitengeneza mwaka 1883 mashine ya kusaga gololi nyingi kwa pamoja zikatoka duara na sawa. Kuanzia hapo beringi ikaweza kuwa ndogo, maana udogo hauvumilii gololi zisizolingana.

Halafu kuna kisa cha Sven Wingquist, ambacho kila anayefunga mashine kwenye mteremko angepaswa kukijua. Wingquist alikuwa mhandisi wa kiwanda cha nguo mjini Göteborg, Sweden. Kiwanda kilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi, na udongo ulipohama, shafti ndefu zilizoendesha mashine za kufumia zilipinda mstari wake na kuua beringi moja baada ya nyingine. Hakuweza kuituliza ardhi. Mwaka 1907 alibuni beringi yenye safu mbili za gololi ndani ya ringi ya nje iliyochongwa kama tumbo la chungu, ili ringi ya ndani iweze kuinama na shafti bila kuumia. Kwa hataza hiyo ikazaliwa kampuni ya SKF.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro mashine nyingi hukaa juu ya fremu ya mbao au sakafu ya udongo ulioshindiliwa, nao hauachi kusogea masika yakija. Hapo fundi anayejua namba ana silaha ya kificho: beringi ya Wingquist yenye namba 1205 ina vipimo vilevile vya 6205, 25 kwa 52 kwa 15. Inaingia katika nyumba ileile bila kukereza chochote. Beringi ya kawaida ya gololi huvumilia kupinda kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja, na ile ya kujipanga huvumilia zaidi ya nyuzi mbili. Nafasi haikuongezeka hata unywele, ila mashine imepata uvumilivu mpya. Uchaguzi wa namna hii ndio unaomtofautisha fundi na mbadilisha spea.

Kuhusu neno usahihi, kuna kosa moja linalowapata hata wenye elimu: kudhani kwamba usahihi mkubwa daima ni bora. Beringi hupangwa kwa madaraja, kutoka daraja la kawaida, kisha P6, P5, P4 hadi P2. Kwa shafti ya milimita 25, ringi ya ndani ya daraja la kawaida inaruhusiwa kuyumba hadi mikroni 13 inapozunguka. Ya P5 inaruhusiwa mikroni 4, na ya P4 mikroni 3. Unywele wa mtu una mikroni kama sabini.

Wilayani Hai, chini kidogo ya Machame, kuna kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa kwa ushirikiano na Bulgaria ili Tanzania itengeneze mashine zake za kukereza na kutoboa vyuma. Katika mashine ya kukereza, spindo, ile shafti inayozungusha chuma kinachokerezwa, ndiyo moyo. Ikiyumba mikroni kumi, kila kitu kinachokerezwa juu yake kitazaliwa na kasoro hiyo, na kasoro itasafiri hadi kwenye kila mashine itakayopokea kitu hicho. Hapo P4 inastahili kila senti. Kwenye rola za kuvuta majani ya ng'ombe, P4 ni kuvaa suti kwenda kuchimba mfongo. Mama wa Kibosho angeilipia bure, na vumbi lingeishusha daraja kabla ya wiki kwisha.

Anayetaka kuona udogo, kasi na usahihi vimekutana mahali pamoja hana haja ya kwenda mbali. Katika kliniki yoyote ya meno yenye dirili ya hewa, kichwa cha dirili hiyo kina beringi mbili zenye tundu la milimita 3.175 na kipenyo cha nje cha milimita 6.35. Punje ya mahindi ni kubwa kuliko hiyo. Gololi zake zina kama milimita moja tu, na katika dirili nyingi za siku hizi si za chuma bali za seramiki, kwa kuwa seramiki ni nyepesi na ngumu zaidi. Hewa ya kompresa ikifunguliwa, turbini hiyo ndogo huzunguka hadi mara 400,000 kwa dakika, ndani ya kinywa cha mtu aliyefumba macho. Baada ya kila mgonjwa, kifaa kizima huchemshwa kwa mvuke wa nyuzi 134. Mwaka 1957 John Borden wa Marekani alipoleta sokoni dirili ya hewa iliyopata umaarufu, kilichowezesha kazi yake, pamoja na hewa, kilikuwa beringi iliyokubali kuwa ndogo kiasi hicho bila kupoteza uduara wake.

Mfano ulio karibu zaidi na moyo wa Moshi umo ndani ya uzio wa hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Tangu 1981 pana chuo kinachoitwa TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia kutoka Tanzania na nchi nyingi za Afrika, na kimefundisha pia mafundi wa viti vya magurudumu. Kiti cha magurudumu kinafundisha nafasi finyu kuliko mashine yoyote ya kiwandani. Gurudumu dogo la mbele lina kitovu chembamba ambacho ndani yake lazima ziingie beringi mbili, bolti na spesa ya katikati. Humo ndimo inamokaa mara nyingi 608, beringi ya tarakimu tatu isiyofuata kanuni ya kuzidisha kwa tano, milimita 8 kwa 22 kwa 7, ileile iliyo katika viatu vya magurudumu vya watoto wa mijini. Katika korido ya hospitali 608 haina shida. Mpeleke mwenye kiti nyumbani kwake Old Moshi, kwenye njia ya kokoto na udongo mwekundu wa volkano unaogeuka utelezi mvua ikinyesha, na 608 yenye vifuniko vya bati itajaa mchanga.

Ndipo herufi zinazofuata namba zinapopata uzito. ZZ ni vifuniko viwili vya bati ambavyo havigusi ringi ya ndani. Vinazuia mawe, havizuii maji. 2RS ni sili mbili za mpira zinazogusa: zinaongeza msuguano kidogo, zinapunguza kasi inayoruhusiwa, lakini zinafunga mlango. Na jambo ambalo fundi wa nafasi finyu hulipenda ni kwamba sili hizo zimo ndani ya upana uleule. 608-2RS ina milimita 7 sawasawa na ile iliyo wazi. Hakuna haja ya kutafuta nafasi ya sili nyingine pembeni wala ya nipo ya grisi, maana grisi imeshawekwa kiwandani, nayo haijazi nafasi yote. Beringi iliyoshindiliwa grisi hadi ikatoka nje huchemka, kwa sababu gololi zinalazimika kuikoroga badala ya kubingirika.

Alama ya C3 pia ina kisa chake. Watu wengi huamini C3 ni beringi imara zaidi. Si hivyo. C3 ina uwazi mkubwa zaidi kati ya gololi na mifereji: kwa tundu la milimita 25 uwazi wa kawaida ni kati ya mikroni 5 na 20, na wa C3 ni kati ya 13 na 28. Mota inapopata joto, ringi ya ndani hupanuka kuliko ya nje na kuula uwazi huo, kwa hiyo C3 huipa nafasi ya kupumua. Mahali penye baridi na mwendo wa polepole, C3 huongeza kucheza tu. Mteja akiuliza duka lina C3 kwa kuwa "ndiyo original", muuzaji mwaminifu humuuliza inaenda kwenye nini.

Na kuna wakati ambapo kuchagua beringi vizuri ni kuikataa. Goti la mguu bandia halizunguki, linakwenda na kurudi. Gololi katika mwendo wa namna hiyo husugua sehemu ileile ya mfereji, grisi inasukumwa pembeni, na taratibu kila gololi inajichimbia kishimo chake. Bushi ya plastiki au ya shaba hapo inaweza kuishi kwa heshima. Viwanda vya sukari duniani vimekuwa vikizungushia rola zao kubwa za kukamulia miwa kwenye bushi za shaba, maana mzigo ni mkubwa mno na mwendo ni wa pole. Hakuna sababu ya kuionea bushi haya.

Beringi za sindano nazo huja kwenye mazungumzo kila nafasi inapokuwa ndogo. Badala ya gololi zina rola nyembamba kama njiti, na kwa shafti ya 25 kipenyo cha nje kinaweza kuwa milimita 32 tu, huku mzigo zinaoubeba ukiwa mkubwa kuliko wa beringi ya gololi yenye unene huo. Zingeingia katika mashine ya majani kwa raha kabisa. Lakini zina masharti yake. Nyingi hazina ringi ya ndani, hivyo sindano zinabingirika moja kwa moja juu ya shafti, na shafti lazima iwe imegumishwa na kusuguliwa ikawa nyororo. Nondo laini ya dukani italika ndani ya msimu mmoja. Tena sindano hazizuii shafti kwenda kushoto na kulia. Fundi anayezitaja bila kuuliza shafti ni ya chuma gani bado yuko njiani.

Hesabu ya mashine yenyewe basi. Tuseme springi za rola ya juu zinaweka juu ya kila beringi mzigo wa kilonyutoni 1.2, na rola zinazunguka mara 200 kwa dakika, kwa saa mbili kwa siku. 61805 ingemaliza mizunguko milioni 48 hivi, yaani saa 4,000, miaka mitano na nusu. 61905 ingefika mizunguko karibu milioni 200, saa 16,500, miaka ishirini na miwili. Hizo ni hesabu za beringi iliyokaa sawa, safi, yenye grisi nzuri, na hata hivyo ni umri ambao beringi tisa kati ya kumi hutarajiwa kuufikia, moja ikiangukia njiani. Vumbi la Kibosho halijaingizwa.

Kwa hesabu tu, 61905 imeshinda. Ina kipenyo cha 42, na 45 ukitoa 42 zinabaki milimita 3. Milimita 3 za chuma kati ya beringi mbili. Fundi husimama hapo, na ni hapo panapopimwa ufundi wake. Ringi za beringi nyembamba hazina ubishi: zinachukua umbo la nyumba yake. Nyumba ikiwa yai, beringi inakuwa yai, na gololi zitabanwa mara mbili kwa kila mzunguko. Ukuta wa milimita 3 ukibonyea wakati jiwe dogo limeingia na majani, hiyo 42 itakoma kuwa duara. 61805 ingeacha ukuta wa milimita 8, lakini gololi zake ndogo hazitalistahimili pigo la jiwe hilohilo. Tena hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayopatikana Moshi kwa kwenda dukani tu. Huagizwa Arusha, Dar es Salaam au Nairobi, na ng'ombe wa mama wanakula leo.

Mafundi wazuri huiacha mashine mezani kwa muda. Mmoja anazunguka na kuitazama kwa ubavu, na swali linabadilika. Ni nani aliyesema beringi hizo mbili lazima zitazamane? Bamba la fremu lina upande wa ndani na upande wa nje. Nyumba ya beringi ya rola ya chini ifungwe kwa ndani, ya rola ya juu ifungwe kwa nje. Sasa kila beringi jirani yake si beringi mwenzake, bali shafti tupu yenye nusu kipenyo cha milimita 12.5. Kutoka kitovu hadi uso wa shafti hiyo kuna milimita 32.5 za kuchezea. 6205 yenye nusu kipenyo cha 26 ingeingia, ila ukuta wake na uwazi wa kupitisha shafti vingebanana. 6005 ina nusu kipenyo cha 23.5. Ipe ukuta wa milimita 6, inafika 29.5, na kati yake na shafti jirani zinabaki milimita 3 za hewa. Uwezo wake ni kilonyutoni 12, na hesabu ileile inatoa zaidi ya saa 80,000. Nafasi iliyokuwa haipo ilikuwa imejificha kwenye upana.

Kinachobaki ni mikono. Nyumba inakerezwa na kupimwa sehemu tatu, si moja. Shafti inasafishwa kwa msasa mwembamba hadi isiwe na kovu. Beringi inaingizwa kwa bomba linalogusa ringi ya ndani peke yake, maana nyundo inayopigwa kwenye ringi ya nje husafiri kupitia gololi na kuacha alama kwenye mifereji, na beringi inafungwa ikiwa imeshajeruhiwa. Ikiwa ngumu kuingia, beringi iliyo wazi huchemshwa kwenye mafuta hadi nyuzi 100 na kidogo, kamwe si kwa moto wa gesi. Yenye sili haitumbukizwi kwenye mafuta, kwa sababu grisi yake itayeyuka na kutoka. Boksi linalinganishwa na namba iliyochorwa kwenye chuma, na bei ya chini kupita kiasi inamtia fundi wasiwasi, kwa kuwa beringi bandia zipo sokoni na hazitofautiani na halisi kwa kung'aa. Fundi anaizungusha kwa kidole karibu na sikio. Nzuri haina neno la kusema.

Na mwenye mashine ana kazi yake pia, nyepesi lakini muhimu. Siku beringi hizo zitakapokufa, namba iliyochorwa ubavuni itakuwa imefutika kwa kutu na grisi nyeusi, na fundi mwingine ataanza upya kubahatisha. Basi kabla pikapu haijapanda Kibosho, iandikwe kwa rangi kwenye bamba la fremu, mahali majani hayasugui: 6005-2RS, nne, na tarehe.